Sahani ya Bi Mkubwa

Mwaka 1998 Ijumaa Kuu iliangukia tarehe 10 Aprili, na Mtwara nzima haikuwa na hamira. Nasema nzima kwa sababu aliyetumwa kuitafuta ni mimi. Nilitoka Chikongola nikaenda sokoni, nikapita duka baada ya duka mpaka Shangani, nikarudi na noti ileile ya mia tano, imelowa jasho kiganjani. Mvua za El Niño zilikuwa zimeikata barabara ya kusini. Daraja la Mkapa lilikuwa halijajengwa, lilikuja kufunguliwa 2003. Magari yalivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na ukishavuka unakutana na tope la kulaza basi njiani. Vitu vya dukani vikawa vya kusubiri meli, na meli nayo ilikuja ilipotaka.

"Hamna," nikamwambia Bibi.

"Umeuliza vizuri?"

"Nimeuliza, Bibi. Hata zabibu hamna."

Akaketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akashika tama. Pasaka ya nyumbani kwetu ilikuwa na mambo mawili: kanisa, na skonzi za msalaba.

Bibi alikuwa Mmakua wa Masasi. Usichana wake ulipita jikoni kwa wauguzi wa Kiingereza wa UMCA, misheni ya Kianglikana, ile iliyoanza Masasi mwaka 1876 pamoja na watumwa walioachwa huru. Zilikuwa enzi za Askofu Trevor Huddleston, miaka ya sitini, na Bibi akitaka kukwambia jambo lilitokea lini alisema "kabla ya Huddleston" au "baada ya Huddleston", kama wengine wasemavyo kabla ya uhuru. Huko ndiko alikojifunza mkate ambao Waingereza huula Ijumaa Kuu: mviringo wa kiasi cha ngumi, utamu wa mbali, ndani zabibu kavu, mdalasini, kungumanga na karafuu, juu msalaba wa unga uliokorogwa na maji, ambao hubaki mweupe mkate wenyewe ukishageuka rangi. Walimwambia pia kwamba skonzi iliyookwa Ijumaa Kuu haioti ukungu mwaka mzima, na kwamba kwao watu huitundika jikoni. Bibi alilijaribu hilo Mtwara mara moja tu. Siku ya nne skonzi ilikuwa na manyoya.

Mengine aliyageuza mwenyewe. Maziwa ya ng'ombe Mtwara yalikuwa ya kutafuta kwa tochi, akatia tui la nazi. Akaongeza na iliki, kwa sababu, alivyosema, Wazungu walisahau tu kuitaja.

Sasa jirani yetu. Tulimwita Bi Mkubwa, mtu wa Mikindani, ua wake na wetu unatenganishwa na ukuta mmoja mfupi. Wiki hiyohiyo ilikuwa na Idi ya kuchinja, kwa hiyo siku mbili tatu kabla ya Ijumaa Kuu tuliletewa pilau kwenye sahani ya bati yenye maua mekundu. Kwa Bibi ilikuwa Wiki Takatifu, nyama hakuigusa. Wajukuu tuliimaliza nyuma ya jiko, naye ametugeuzia mgongo makusudi. Sahani ikaoshwa, ikawekwa kabatini kusubiri skonzi. Sahani ya jirani hairudi tupu.

Bi Mkubwa aliposikia habari ya hamira alicheka, viwiko vyake juu ya ukuta.

"Jirani, kabla ya hamira watu hawakula vitumbua? Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitia tembo."

"Tembo la mnazi?"

"Likishuka tu, bado tamu. Mimi sitii. Lakini unga utaumuka, hilo nakuhakikishia."

Akaenda ndani, akarudi na tende zilizobaki za Idi, zimefungwa kwenye gazeti. "Hizi katakata, ziwe zabibu."

Bibi aliwaza kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Alikuwa mtu asiyeonja hata uraka, ile pombe ya mabibo, na ukitoka Masasi huonji uraka, basi wewe ni wa kuhesabika. Alhamisi jioni akanipa chupa ya juisi iliyooshwa, akaniambia nisimwambie mtu, niende kwa mgema.

Mgema alikuwa ndiyo kwanza anatua chini, kibuyu kiunoni.

"La babu yako hili?"

"La mkate."

Akanitazama kama mtu anayesikia uongo mpya, akajaza. Chupa tulikuwa tumeiziba kwa gunzi, na kabla sijafika nusu ya njia povu lilikuwa linafoka pembeni na kunitiririkia mkononi. Nani nikutane naye? Mzee wa kanisa, kavaa shati jeupe, anawahi ibada ya Alhamisi Kuu.

"Umebeba nini, mjukuu?"

"Hamira, babu."

Aliitazama chupa. Akanitazama mimi. Harufu ilikuwa imeshatufikia wote wawili. "Msalimie bibi yako," akasema, akaenda zake.

Tembo si hamira. Lenyewe halina haraka. Bibi alikanda kilo mbili za unga usiku ule, akafunika kwa khanga, na alfajiri donge lilikuwa limeinyanyua khanga kama tumbo la mjamzito. Oveni hatukuwa nayo. Tulikuwa na sufuria kubwa ya shughuli, chini mchanga mkavu, juu ya mchanga sinia la skonzi, kisha mfuniko wa bati na makaa juu yake. Mkaa wenyewe ulikuwa umenyeshewa. Mimi nilipuliza mpaka nikaona nyota, machozi yananitoka, na Bibi anachora misalaba kwa karatasi aliyoikunja kama ya karanga, karatasi iliyotoka kwenye daftari langu la hesabu. Mkupuo wa kwanza uliungua chini. Wa pili ukatoka wenyewe, umepanda, umeng'aa kwa sukari aliyoichemsha na maji.

Tulikula baada ya ibada ya saa tisa. Tende zilikuwa zimeyeyuka zikawa nyeusi na za kunata, na mwisho wa ulimi palikuwa na uchachu kidogo ambao hamira haiwezi kuuleta. Nimeshakula skonzi za msalaba za hoteli kubwa Dar es Salaam. Hazifiki.

Bibi akatoa ile sahani, akapanga skonzi sita, akafika ukutani.

"Ah, jirani," Bi Mkubwa akasema, "hizo si zina tembo? Nilikupa ujuzi, sikukupa mdomo."

Alisema kwa kicheko, lakini Bibi alirudi ndani kimya. Ile furaha ya donge kuumuka ilimsahaulisha zinakokwenda. Sahani ikarudi kabatini, na kila akifungua kabati kuchukua chumvi nilimwona anaitazama kama mtu anayemdai.

Meli ilileta hamira mwezi wa tano. Pasaka ilishapita zamani, lakini Bibi akakanda upya, akaoka kumi na mbili, safari hii bila msalaba hata mmoja. Akanichukua, tukapita mlangoni kama wageni, siyo ukutani.

Bi Mkubwa akaifunua sahani, akaishika skonzi moja, akaigeuza.

"Zile za juzi zilikuwa na mistari mizuri. Zangu mbona uchi?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani nini? Msalaba wa unga utanibatiza?"

Bibi alicheka mpaka akaketi barazani bila kukaribishwa. Jumapili yake ile sahani ikarudi kwetu, imejaa vitumbua.