Kifaru Aliyemsimamisha Mama

Jumamosi tulikwenda Entebbe, kwenye bustani ya wanyama iliyo ukingoni mwa ziwa. Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili na Mama, ambaye amekuja kutoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kukaa nasi mwezi mmoja. Tulipanda takisi asubuhi na mapema tukiwa na chapati, gonja na mayai ya kuchemsha. Tumbili wanaozurura humo ndani walitupokea. Mmoja alimnyang'anya mwanangu chapati kabla hajaiuma.

Pale pamekuwa mahali pa wanyama yatima na majeruhi tangu mwaka 1952. Hilo neno yatima nilikuwa nalipita tu, mpaka binti yangu wa miaka saba aliposimama mbele ya sokwe akauliza, "Mama yake yuko wapi?"

Nikamweleza kwamba sokwe wengi wanaolelewa hivi mama zao waliuawa, kwa sababu sokwe jike hakubali kumwachia mtu mwanawe angali hai. Mume wangu alinitazama, akaona nimesema mengi mno kwa mtoto mdogo. Mimi sikuweza kumdanganya huku sokwe mwenyewe anamtazama usoni.

Bulwe tulimtazama muda mrefu, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu. Hatikisiki. Wavuvi wa kinamasi cha Mabamba zamani walimwona mkosi, kwamba ukikutana naye asubuhi hupati samaki, wakawa wanamuua. Hapo ndipo mwanangu alipoisahau chapati aliyonyang'anywa.

Lakini Mama siku yake ilianza tulipofika kwa kifaru.

Alikuwa amelala kivulini, masikio tu yakicheza. Mama alishika ukuta kwa mikono miwili, akanyamaza. Kisha akasema, "Kwetu walikuwepo." Akiwa msichana mdogo, alfajiri moja, alikuwa na bibi yake njiani kuelekea mtoni, wakawaona wawili kwa mbali, mmoja mdogo akifuata nyuma. Bibi yake alimshika bega, wakasimama hadi walipopita. Miaka yote hii hakuwahi kunisimulia.

Huyu wa Entebbe ni kifaru mweupe wa kusini. Wale wa Mama walikuwa wa kaskazini, walioishi upande wetu wa magharibi ya Nile. Kuna mji kule unaitwa Rhino Camp kwa ajili yao. Siku hizi ukilitaja jina hilo watu wanafikiria kambi ya wakimbizi wa Sudan Kusini. Katika miaka ya 1960 baadhi ya vifaru hao walivushwa mto hadi mbuga ya Murchison Falls ili wanusurike. Bunduki ziliwafuata huko. Kufikia mwaka 1983 Uganda haikuwa na kifaru hata mmoja porini. Wa kusini ndio walioletwa baadaye, kuanzia 2005, kwenye hifadhi iitwayo Ziwa, wilayani Nakasongola, na wanazaa vizuri. Nawafurahia. Ila nikiwa nimesimama karibu na Mama, nilielewa kwamba kifaru mmoja hawezi kushika nafasi ya mwingine.

"Bibi, wale wa kwenu walikwenda wapi?" binti yangu akauliza.

"Waliuawa, mjukuu wangu."

"Wote?"

Mama akanigeukia mimi. Nikasema wamebaki wawili duniani kote, Najin na Fatu, wako kwenye hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya, wanalindwa usiku na mchana. Wote ni majike. Najin ndiye mama yake Fatu.

"Kwa hiyo huyo ana mama yake," binti yangu akasema.

Tulikula karibu na maji, watoto wakakimbizana, mume wangu akasinzia kidogo. Kabla ya kuondoka Mama aliomba turudi kwa kifaru. Safari hii alikuwa amesimama, anakula nyasi, na Mama alimsalimia kwa Kilugbara, taratibu, kama anavyosalimia wazee.

Usiku huu, watoto wamelala, ameniuliza kama Ol Pejeta ni mbali na Nairobi. Nikamwambia iko karibu na Nanyuki. Ameuliza nauli ya basi.