Silinda Namba 5

Cessna 206 ile ilifika kwenye hanga letu pale Kisongo, Arusha, ikiwa na mistari miwili tu kwenye kitabu chake: joto la ekzosi la silinda namba 5 liko juu kuliko la wenzake, na injini inatetemeka rubani akipunguza mafuta angani. Injini yenyewe ni Continental IO-520, silinda sita, haina kabureta. Mafuta hugawanywa kwa mirija myembamba mpaka kwenye nozeli, moja kwa kila silinda. Karakana iliyoishika kabla yetu ilikuwa imeandika kwamba plagi za silinda 5 zimebadilishwa, nafuu haikuonekana, na inashauri silinda ing'olewe.

Mzee, fundi mkuu wetu, alisoma ukurasa ule, akafunga kitabu, akamwita rubani.

“Shikamoo Mzee.”

“Marahaba, Kepteni. Hebu niambie, ukiwa Moshi nako inatetemeka?”

“Moshi hapana, inaondoka safi kabisa. Ni hapa, na tukishapanda kuelekea Ngorongoro.”

Jibu hilo lilitufaa kuliko kitabu kizima. Uwanja wa Moshi uko kama futi 2,800 juu ya usawa wa bahari, Kisongo futi 4,550 hivi. Moshi rubani wa injini ya aina hii huondoka kitasa cha mchanganyiko, kile kinachopanga mafuta yawe mengi kiasi gani kwa hewa, kikiwa kimesukumwa mpaka mwisho, na mafuta hayo ya ziada huficha upungufu wa silinda moja. Kisongo hewa ni nyepesi. Hata throto, mlango wa hewa ya injini, ikiwa wazi yote, geji ya manifoldi inayopima shinikizo la hewa hiyo haipiti sana inchi 25 za zebaki, kwa hiyo rubani hurudisha kitasa nyuma mpaka mtiririko wa mafuta ulingane na kibandiko cha mwinuko kilichopo kwenye dashibodi. Ziada ikiondoka, silinda inayopata mafuta pungufu hujitokeza: ekzosi yake inapanda, na kichwa chake nacho kinapanda, maana iko karibu kuliko wenzake na kilele cha joto, yaani kiasi cha mafuta ambacho ekzosi huwa moto kuliko vyote, ukizidisha au ukipunguza hushuka. Hapo ndipo silinda huharibika kweli, wakati ndege imejaa abiria na inapanda polepole.

Lakini kabla ya kushuku injini, shuku kipimo. Tulifungua kifuniko cha injini, tukabadilishana viunganishi vya nyaya za vihisi vya silinda 5 na 3. Namba kubwa ikahamia safu ya 3 kwenye skrini, maana yake nyaya na skrini ni vizima. Kisha tukabadilishana vihisi vyenyewe, joto likabaki silinda 5. Tulipima pia umbali wa kila kihisi kutoka kwenye flanji ya ekzosi, kwa sababu kilichofungwa karibu na silinda husoma juu kuliko kilicho mbali, na watu wamehangaika na injini nzima kwa tofauti ya inchi moja. Vyote vilikuwa sawa.

Tukiwa hapo kwenye vihisi ndipo tukaona plagi mpya. Zilikuwa mbili, zinang'aa, zimefungwa silinda ya nyuma kulia. Kwenye Continental hiyo ni namba 1, kwa sababu hesabu huanzia nyuma: 1, 3 na 5 kulia, 2, 4 na 6 kushoto. Injini za Lycoming, kampuni nyingine, huanzia mbele, kwa hiyo aliyezizoea Lycoming akiambiwa “namba 5” huenda moja kwa moja nyuma kulia. Silinda mgonjwa ilikuwa mbele, karibu na propela, na plagi zake za zamani hazijaguswa. Mzee hakusema kitu. Alichukua kalamu ya rangi, akaandika namba juu ya kila kifuniko cha roka.

Basi tukaruka. Nilikaa kiti cha kulia na karatasi, tukaelekea Makuyuni, milima ya Monduli ikiwa kulia kwetu, tukatulia futi 8,500. Throto wazi yote, mizunguko 2,400 kwa dakika, hewa tulivu ya asubuhi. Adhuhuri usijisumbue, mawimbi ya joto yatakuvurugia kila namba.

Kwanza magneto, zile mbili zinazotoa cheche za plagi, kila moja na plagi yake kwenye kila silinda; tulizijaribu moja moja, huko huko angani, mafuta yakiwa yamepunguzwa kiasi. Jaribio la ardhini kwenye mizunguko 1,700 ni hafifu mno kwa kazi hii. Plagi zikiwa nzima, ukizima magneto moja silinda zote hupanda joto la ekzosi pamoja, kwa sababu moto unawashwa upande mmoja tu na mafuta yanamalizikia kuungua karibu na mlango wa kutokea. Ikiwepo plagi iliyokufa, silinda yake hushuka ghafla. Zote sita zilipanda. Plagi zikaondoka kwenye orodha.

Kisha likaja jaribio lenyewe. Unapunguza mafuta pole pole, robo galoni kwa saa kila hatua, unasubiri namba zitulie, unaandika. Usitazame silinda ipi ina namba kubwa zaidi. Nyuzi 1,450 za Farenhaiti kwenye silinda moja na 1,390 kwenye nyingine si ugonjwa. Kinachotakiwa ni mtiririko wa mafuta wakati kila silinda inapofika kilele chake na kuanza kushuka. Silinda 5 ilifika kilele kwenye galoni 14.2 kwa saa. Nyingine tano zilifika kati ya 13.3 na 12.9. Tofauti ya galoni 1.3 kati ya wa kwanza na wa mwisho. Nusu galoni ingekuwa injini nzuri, na ukipita galoni moja mtetemo lazima uwepo, maana silinda moja inakosa nguvu wakati wenzake bado wanavuta.

Mstari wa silinda 5 haukuyumba. Vali ya ekzosi inayoanza kuungua hujionyesha kwa joto linalopanda na kushuka taratibu, nyuzi 30 hadi 60, takriban mara moja kwa dakika, jinsi vali inavyozunguka kwenye kiti chake. Hatukuona hivyo. Hewa inayovuja kwenye manifoldi nayo ilijitoa yenyewe. Tundu la aina hiyo husumbua zaidi throto ikiwa imefungwa, wakati ndani kuna mvuto mkubwa. Ukifungua throto yote shinikizo la ndani hukaribia la nje na uvujaji karibu hauna athari. Hii yetu ilikuwa mbaya throto ikiwa wazi. Kwa hiyo mafuta hayafiki, basi.

Geji ya zamani ya mtiririko kwenye dashibodi ya Cessna hizi inaweza kumpotosha mtu. Haipimi mtiririko, inapima shinikizo. Nozeli ikiziba, shinikizo hupanda na mshale unakuonyesha mafuta mengi wakati silinda moja inakauka. Kwa kizuizi kidogo kama chetu mshale haukusogea kwa kiasi cha kuonekana. Namba zangu zilitoka kwenye kipimo cha kisasa chenye kijiturubaini kinachozungushwa na mafuta yenyewe.

Kwenye hanga tulitoa nozeli zote sita, tukaziacha kwenye mirija yake, kila moja ikachungulia kwenye gudulia lake la kupimia. Kizima moto pembeni, umeme mwingine wote umezimwa, watu wengine nje. Mchanganyiko mbele, throto mbele, pampu ya umeme juu, mpaka gudulia la kwanza lilipofika mililita 200. Matano yalikuwa kati ya 196 na 200, la silinda 5 lilikuwa 182. Nozeli zote zina alama moja ya ukubwa, kwa hiyo hakuna aliyechanganya vipuri. Tukahamishia nozeli ya 5 kwenye mrija wa 3 na ya 3 kwenye mrija wa 5, tukarudia. Upungufu ulibaki kwenye mrija wa 5.

Hapo nozeli haikuwa na kosa. Tukafungua mrija ncha zote mbili, na kwenye ncha ya nozeli tukakuta ukingo wa gundi ya kuzibia nyuzi za skrubu, mgumu, umeingia ndani ya tundu na kulipunguza. Maungio yale hujiziba chuma kwa chuma; hayahitaji gundi yoyote. Kitabu kilionyesha nozeli zilikuwa zimetolewa kusafishwa kwenye ukaguzi uliotangulia.

Hatukuchokoa kwa waya. Mrija ulioingiwa na gundi hivyo hubadilishwa, na nozeli zote ziliachwa kwenye kiyeyushi usiku kucha kisha zikapulizwa hewa, kwani waya hupanua tundu na hapo umeharibu kipimo moja kwa moja. Magudulia yaliporudiwa, silinda 5 ilitoa 198.

Asubuhi tukarudi futi 8,500. Silinda 5 ilifika kilele kwenye 13.2, tofauti ya zote sita ikawa galoni 0.4. Kepteni alivuta kitasa mpaka ng'ambo ya kilele, upande wa mafuta machache, injini ikapungua nguvu bila kutetemeka.