Babu kaniuliza: nyota ikishapasuka, inawakaje miezi yote hiyo?

Januari nilikuwa Kongwa kwa babu, umeme ukakatika kama saa mbili usiku tukahamishia viti nje, hakuna mwezi, nyota zimejaa mpaka chini kabisa. Nikamwonyesha upande wa kusini kale kaukungu keupe kanakoitwa Wingu Kubwa la Magellan, ambako kumbe ni galaksi, yaani kundi kubwa la nyota, nikamwambia humo kuna nyota ilionekana ikipasuka Februari 1987, na watu wa kusini waliiona kwa macho tu.

Babu akachokonoa mkaa chini ya birika. "Mjukuu wangu, baruti ikilipuka si inaisha palepale? Hiyo iliwakaje miezi?"

Aisee, swali zuri mno! Mlipuko wenyewe unaisha haraka, ila unaacha nikeli 56, aina ya nikeli isiyodumu, nusu yake inageuka kobalti ndani ya siku 6 hivi, halafu kobalti nayo nusu yake inageuka chuma kwa siku 77, na kila kiini cha atomi kikigeuka kinatoa mionzi ya gama, kama mwanga usioonekana wenye nguvu nyingi, inayopasha moto yale mabaki ndo maana yanaendelea kung'aa. Babu mionzi anaijua kwa habari za urani ya Bahi tu, nikamwambia ni ndugu zake hao.

Sasa utajuaje kweli ni kobalti? Gama za kobalti hiyo, kobalti 56, zina nguvu zake maalumu, 847 na 1,238 kwa kipimo cha kiloelektronivolti, ukizikuta hizo umemshika mwenyewe. Hewa yetu inazizuia kwa hiyo lazima setilaiti, na Solar Maximum Mission ya Marekani, iliyorushwa 1980 kuchunguza Jua, ikazinasa kuanzia Agosti 1987. Kinachonisisimua mimi ni kwamba zilitoka mapema kuliko hesabu zilivyosema! Kobalti ilitarajiwa iwe katikati kabisa imefunikwa na matabaka mazito, kumbe mlipuko ulikoroga kila kitu kama uji unaochemka, vya chini vikapanda juu. Mwaka 2014 setilaiti ya Ulaya, INTEGRAL, ikazikuta gama hizohizo kwenye mlipuko wa nyota wa aina nyingine, uliopewa jina 2014J, katika galaksi iitwayo M82.

"Kwa hiyo saa hizi imebaki chuma?"

Ndio babu, ile kobalti karibu yote imeshakuwa chuma, uzito wa Dunia zaidi ya 20,000. Akageuka akatazama jembe lililoegemezwa ukutani, akalisogelea akapitisha kidole kwenye makali, halafu akaniambia hebu nimwonyeshe tena lile wingu liko wapi.