Mimi ni Mtu wa Sufuria

Kila nikirudi Dar, swali la kwanza pale nyumbani Temeke ni lilelile: "Mabomu yenu yamefikia wapi?" Baada ya hapo inakuja urani ya Namtumbo, na kama nina mchongo wowote. Nawajibu kwamba urani ndiyo wali. Mimi ni mtu wa sufuria.

Sufuria yenyewe ni pipa la chuma la kinu cha nyuklia, lenye ukuta wa sentimita 20 hivi, na urani inawaka humo. Ndani yake maji yamevuka nyuzi 300 na bado hayachemki, kwa jinsi yalivyobanwa. Nyutroni, chembe ndogo zinazoruka atomi za urani zinapopasuka, zinaupiga ule ukuta mwaka hadi mwaka, zinahamisha atomi mahali pake, na chuma kinazidi kuwa kigumu. Ugumu huo ndio ugonjwa: chuma hakipindi tena, kinakatika. Katika vinu vya zamani mchochezi mkubwa ni shaba kidogo iliyojificha kwenye mishono ya kuchomelea, kwa sababu waya wa kuchomelea ulikuwa ukipakwa shaba usishike kutu. Haifiki hata nusu ya asilimia moja!

Hapa Manchester niko kwenye mkataba wa tatu, kila mmoja wa miaka miwili. Vipande vya chuma ninavyovipima viliwekwa kinuni kabla sijazaliwa, vikawa vinatolewa kidogokidogo. Chuma kinasubiriwa miaka 30, mtafiti anahesabiwa miezi. Mkataba uliopita, miezi saba iliishia kwenye kusubiri kibali cha kuingia maabara. Wenzangu wenye pasipoti nyingine walikuwa ndani wiki ya tatu.

Desemba nilimfuata mjomba karakana kwake Gerezani. Shikamoo, marahaba, kisha nikakaa juu ya rimu ya lori nikamweleza kipimo chetu, kile cha tangu enzi za Mfaransa Charpy, 1901. Kijiti cha chuma cha milimita 55 kinachongwa mfuo katikati, nyundo inashuka kama bembea. Chuma kizima kinajikunja kwanza, na pale kilipochanika panafifia, pana nyuzinyuzi. Kilichochoka kinakatika "ka!", na uso wake unang'aa chembechembe.

Mjomba hakujibu. Alichakura kwenye vyuma chakavu, akaibuka na kipande cha pampu iliyopasuka, akakifuta kwa kanga kuukuu na kukigeuzia jua.

"Kama sukari hivi?"

"Hivyohivyo, mjomba."

"Sasa si mkipashe moto kilegee, halafu mkiache kipoe taratibu?"

Nilicheka peke yangu. Warusi walifanya hivyo kwenye vinu vyao vya zamani: nyuzi 475 hivi, kwa siku kadhaa, na chuma kikarudisha sehemu kubwa ya unyumbufu wake. Mimi nilisomea uzamivu ndipo nikalijua hilo.

"Haya profesa," akasema, akinisogezea geti lililokuwa nusu. "Shika upande huo, usitazame mwanga."