Doa jekundu kwenye kikombe cheusi

Athens ina jua kali, na kahawa yake inakamua mfuko. Akropolis, kilima chenye mahekalu ya kale, niliipita mbiombio. Kilichonishika ni kikombe kimoja ghorofa ya juu ya Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, wasikopanda wengi kwa sababu dhahabu ya Mykene, mji wa kale wa Ugiriki, iko chini.

Ni kylix, kikombe cha divai: bakuli pana lisilo na kina, vishikio viwili ubavuni, mguu mwembamba. Bakuli na mguu vilifinyangwa mbalimbali, vikaungwa udongo ukiwa haujakauka sawasawa. Chote kilitakiwa kiwe cheusi, lakini ubavuni kina doa jekundu kama kutu.

Weusi ule si rangi ya dukani. Ni udongo uleule wa Attika, eneo la Athens, wenye chuma, uliokorogwa majini ukaachwa utuame, zikachukuliwa chembe laini tu. Tope hilo ndilo lililopakwa. Kazi iliyobaki ni ya moto, hatua tatu katika uchomaji mmoja. Kwanza hewa inaachwa ipite mpaka joto lifike nyuzi 800 hivi, kila kitu kinakuwa chekundu. Kisha tundu la tanuri linazibwa, zinatiwa kuni mbichi, joto linapanda hadi 900 na ushei. Moshi unageuza chombo kizima kuwa cheusi, na tope linayeyuka kidogo na kujifunga. Mwisho, joto likishuka, tundu linafunguliwa. Udongo mtupu unavuta hewa na kurudia wekundu. Palipopakwa pamekwisha kujifunga, panabaki peusi.

Kwa hiyo doa lina sababu zake: tope lilipakwa jepesi mno, joto halikutosha kulifunga, au vyombo vilibanana moshi usipenye. Ukiona duara jekundu katikati ya bakuli, hapo palikaa mguu wa kikombe cha juu yake. Fundi alibana nafasi ili kuni zisiende bure, na mimi simlaumu.

Wanawake wa Kikisi, kule Ziwa Nyasa, huchoma vyungu mahali pa wazi, bila tanuri. Hakuna tundu la kuziba, hivyo upepo ndio unaoamua moshi upite wapi, na chungu chenye mabaka hupikiwa vilevile. Huku wameyawekea mabaka kioo na taa.