Nilivyoacha kupigana na mkondo njia nzima

Shida yenyewe: unavuka maili 30 za baharini kwenda kaskazini, chombo kinakwenda maili 5 kwa saa, unang'ang'ania mstari ulionyooka wa GPS (kifaa cha kuonyesha mahali ulipo), na baada ya saa 6 bado zimebaki maili 3 na ushei. Mkondo ukikusukuma ubavuni kwa maili 3 kwa saa, omo (sehemu ya mbele ya chombo) hulazimika kuelekezwa pembeni mno, na mwendo wa kusonga mbele hushuka hadi maili 4.

Dawa iko kwenye jedwali la mikondo. Andika saa kwa saa, mkondo unakusukuma wapi na kwa maili ngapi, kwa mfano wakati wa bamvua (maji makubwa): mashariki 2, 3, 2, maji yakigeuka, magharibi 1, 3, 2. Jumla ni 7 mashariki kwa 6 magharibi; zinafutana, salio maili 1 tu mashariki. Maili 1 katika 30 ni nyuzi 2, basi shika nyuzi 358, yaani 2 magharibi ya kaskazini, njia nzima, ukishaongeza marekebisho ya dira na ya kusukumwa na upepo.

Katikati ya safari utakuwa zaidi ya maili 6 mashariki ya mstari. Inatisha kuitazama, lakini usigeuze usukani. Ila kabla ya kung'oa nanga, kagua miamba na mafungu ya mchanga kwenye tao hilo lote. Upepo ukilegea, piga hesabu upya: saa ya 7 ina mkondo wake.