Siku tuliyokaa mezani na kifungu cha quiet enjoyment

Kuna dada mmoja tunafahamiana toka zamani, aliniletea barua ya mwenye nyumba wake, imepigwa kwa kiingereza kile kizito cha kisheria, akasema mdogo wangu hebu nisomee vizuri hii maana naona kama nafukuzwa. Wakati huo nilikua nafanya kazi ya kutafsiri mikataba na hati za watu kwahiyo alijua kwa nini kaja kwangu. Nikaisoma. Haikua notisi ya kuhama ila ilikua inaelekea huko huko. Mwenye nyumba anasema mpangaji amevunja kifungu cha mkataba wa kupanga kinachoitwa quiet enjoyment kwa kelele za cherehani usiku, na asipojirekebisha hatua zitafuata.

Dada ni fundi nguo, anashonea humo humo chumbani, na kazi zikibana anashona mpaka usiku, hilo hakulikataa hata kidogo. Kilichokua kinamuuma ni kingine. Mwenye nyumba alikua na ufunguo wa akiba na alikua anaingia ndani dada akiwa hayupo, bila hodi bila taarifa. Alijuaje? Alishakata nguo ya mteja akapanga vipande vyake juu ya meza, mikono huku, kola huku, mgongo umeshikizwa na pini kwenye bitana, karudi kakuta vyote vimekunjwa kwa pamoja vimewekwa pembeni na pini moja iko sakafuni. Akalalamika, akajibiwa nyumba ni yangu naangalia kama kuna uharibifu. Baada ya hapo ndo barua ikaja.

Sasa ukweli ni kwamba mtu yeyote aliyesoma kiingereza darasani, quiet kwake ni mwalimu anagonga meza anasema be quiet, yani nyamazeni, basi. Naamini kabisa yule mzee mwenye nyumba aliandika barua akijua ana haki. Lakini neno hili lina maisha mengi. Rangi ikiitwa quiet ni rangi iliyopoa, haina hata habari na sauti. Siku ikiwa quiet dukani wateja wamekua wachache, mtu akiwa quiet ni mpole asiye na maneno mengi, jambo likifanywa on the quiet limefanywa chinichini watu wasijue, bahari ikiwa quiet imetulia hata kama mawimbi madogo bado yanapiga. Kule Marekani wanasheria wanafungua kesi ya quiet title, maana yake mahakama itamke mwenye mali ni nani ili wote waliokua wanadai dai wakome, umiliki utulie.

Na asili yake ndo inaeleza yote. Ni kilatini, quies, mapumziko, na quietus, aliyetulia. Humo ndo limetoka quit la kuachana na kitu, hata quite ambalo watu wanalichanganya na quiet kwenye kuandika ni damu hiyo hiyo, na requiem pia, ile misa ya marehemu. Nikamwambia dada, ile sala ya raha ya milele umpe ee Bwana, kwa kilatini inaanza requiem aeternam, kwahiyo hapo kwenye raha ndipo alipo ndugu yake quiet. Yeye sala hiyo anaijua kwa moyo. Akanyanyua macho kwenye karatasi akaniuliza, kwahiyo kifungu kinasema mimi nikae kwa raha? Nikamwambia ndiyo, tena anayeahidi siyo wewe, ni yeye.

Tukamwendea mzee jioni, shikamoo, marahaba, akatukaribisha mezani. Alikua na nakala yake ya mkataba tayari na kidole chake kilienda moja kwa moja kwenye neno quietly, alikua amelipigia mstari. Nikamuomba mzee, naomba tuanzie mwanzo wa sentensi. Akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, na mimi natafsiri nyuma yake: mwenye nyumba anakubali na mpangaji, kwamba mpangaji akilipa kodi na kutimiza masharti yake, atakaa kwenye nyumba peaceably and quietly, bila kuingiliwa na mwenye nyumba wala mtu yeyote anayekuja kwa niaba yake. Alipofika kwenye by the landlord akasimama. Akarudi mwanzo akasoma tena peke yake, midomo ikitembea.

Nikamweleza kwamba hili si langu. Mwaka 1999 wapangaji wa halmashauri ya Southwark pale London walifika mpaka House of Lords, wakati huo ndo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, na kifungu hiki hiki. Nyumba zao hazikua na kizuizi cha sauti, wanasikia televisheni za majirani, watoto wanaolia, ugomvi, kila kitu, wakasema halmashauri imevunja quiet enjoyment. Wakashindwa. Jaji mmoja, Lord Hoffmann, alikubali kwamba ukisoma maneno yalivyo yanawafaa kabisa, fleti haina utulivu na mpangaji haifurahii, ila akasema hayasomwi hivyo, ahadi yenyewe ni kwamba mpangaji hataingiliwa kwenye haki yake ya kukaa na kuitumia nyumba. Kelele zinaweza kuingia humo kama zimezidi mpaka zinamnyima mtu matumizi ya nyumba yake, lakini zile za majirani kuishi maisha yao ya kawaida, kwenye jengo ambalo tayari lilikua hivyo mkataba unaanza, halmashauri haikuahidi kuzirekebisha. Mi kila nikiikumbuka hukumu ile nawaonea huruma wale wapangaji, kuishi na ugomvi wa jirani ukutani si jambo dogo, lakini kwa upande wa maana ya neno nadhani ilisimama mahali pake.

Mzee hakua mtu wa kukasirika ovyo. Akanyamaza, akafungua kurasa za nyuma, akatafuta, akafika kwenye kifungu cha kero kwa majirani, akaniuliza na hii je? Nikasoma, nikamwambia hii mzee uko sahihi, cherehani ya usiku inaingia hapa na hapa ndo ulipaswa kuandikia barua. Dada naye akakiri bila kusukumwa, akasema cherehani yangu ya umeme ikiwa juu ya meza ya mbao inatetemesha mpaka ukuta, nitaweka mpira chini ya miguu ya meza na saa tatu usiku nazima.

Kwenye ufunguo ndo palichukua muda mrefu. Mzee anasema bomba likipasuka nitafanyaje, na hapo ana hoja, mwenye nyumba kuingia wakati wa dharura ni jambo la kawaida kwenye mikataba. Dada hataki ufunguo ubaki mfukoni mwa mzee. Mwisho wakaelewana ufunguo uwekwe kwenye bahasha, ifungwe kwa gundi, na wote wawili wasaini juu ya mfuniko ili ikifunguliwa ijulikane. Ukaguzi wa kawaida taarifa itoke siku moja kabla na dada awepo.

Nikaandika nyongeza ya mkataba pale pale kwa mkono. Dada akasema kile kifungu nataka kiandikwe na kwa kiswahili, kwamba nitakaa kwa raha bila kuingiliwa. Mzee akagoma, raha hapana, mtu akisoma raha atasema nimemruhusu mziki mpaka asubuhi, andika kwa amani. Dada akasema amani haitoshi, mimi amani ninayo hata mtu akiwa ameingia kwangu kama sijajua. Wakavutana hapo na hakuna aliyelegeza, mpaka nikawaonyesha kiingereza chenyewe kina maneno mawili, peaceably na quietly, basi kila mmoja ana la kwake. Nikaandika kwa amani na kwa raha, bila kuingiliwa na mwenye nyumba, nikawasomea, wakasaini wote na mimi nikasaini kama shahidi.